Aliyevaa na Aliyeshona: Jinzi Kuukuu na Mifarishi ya Gee's Bend

*Katika kijiji kimoja cha Alabama, wanawake walishona suruali za kazi zilizochakaa zikawa matandiko ya kuzuia baridi. Matandiko hayo yalifika kwenye kuta za makumbusho makubwa ya Marekani, na habari zake zinatuhusu sisi tunaoishi katikati ya marobota ya mitumba.*

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Walikuwa wakulima wa Gee's Bend, kijiji cha watu weusi katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mjane alikusanya nguo za shamba alizoacha marehemu, akamwita binti yake Arlonzia amsaidie, wakazipasua vipande. Miaka mingi baadaye Arlonzia, naye akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, alisimulia alichoambiwa na mama yake wakati ule: kwamba nguo hizo atazishona ziwe mfarishi, apate wa kumkumbuka mumewe na wa kujifunika kwa mapenzi.

Mfarishi ni tandiko zito la tabaka mbili au tatu zilizoshonwa pamoja, na ule wa Missouri una urefu wa karibu mita 2.3 na upana wa mita 1.75. Rangi zake ni za mtu aliyelima juani: bluu iliyopauka, kahawia, weupe uliofubaa, na mistari michache myekundu inayoyachangamsha macho. Mwaka 2023 mwanahistoria wa sanaa Lisa Gail Collins alitoa kitabu kizima kuhusu mfarishi huu mmoja, kwa sababu ndani yake mna maisha ya kijiji, ya ndoa na ya msiba.

Siku hizi mifarishi ya jinzi inashonwa katika nchi nyingi. Kuna wanaoishona kwa kupenda mtindo, wengine kwa kuchukizwa na nguo zinavyotupwa ovyo, na wengine ili wauze. Sababu zote hizo ni njema. Lakini atakayeanza kukata suruali bila kuwajua wanawake wa Gee's Bend atakuwa amejifunza nusu ya kazi. Wao wametuonyesha kwamba jinzi kuukuu ina thamani kwa kuwa kuna mtu aliyeivaa akafanyia kazi, na kuna mtu mwingine aliyeishona. Mfarishi ulio kamili huwaheshimu wote wawili.

Kitambaa kinachoweka kumbukumbu

Kwanza tukielewe kitambaa chenyewe. Jinzi hufumwa kwa nyuzi za pamba za aina mbili. Mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu, hutiwa rangi ya bluu ya nili. Mshindio, unaopita kwa upana, huachwa na weupe wake. Ufumaji wake ni wa mshazari: kila uzi wa mshindio hupita chini ya nyuzi kadhaa za mtande kabla ya kujitokeza juu. Ndiyo maana nje ya suruali ni bluu na ndani ni nyeupe, na ndiyo maana ukiitazama kwa karibu unaona vimistari vya mshazari.

Nili ina tabia ya pekee. Haizami hadi kiini cha uzi. Nyuzi huchovywa kwenye pipa la rangi, hutolewa zikapigwa na hewa, kisha huchovywa tena na tena, na kila mara rangi hujipanga juu ya uzi tabaka kwa tabaka. Uzi unaposuguliwa, tabaka hizo hubanduka kidogo kidogo na weupe wa ndani ukaanza kuonekana. Anayepiga magoti kupalilia hufifisha magoti ya suruali yake. Fundi anayebeba rula na penseli mfuko wa paja huacha alama ya vitu hivyo juu ya mfuko. Dereva huchakaza makalio, na mbeba mizigo huchakaza mapaja anapoegemeza magunia.

Kwa hiyo suruali mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazitafanana baada ya miaka mitatu ya kazi. Penye mfuko uliobanduliwa hubaki umbo lenye bluu nzito, kwa sababu hapo jua na sabuni havikupita. Penye kiraka kilichong'olewa huonekana vivyo hivyo. Viwanda vya leo hutumia mawe, mchanga na miale ya leza kuiga uchakavu huo kwenye suruali mpya. Mtu wa shamba huupata bure, kwa jasho lake.

Suruali za namna hii zilianza kama nguo za wafanyakazi. Tarehe 20 Mei 1873, mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco na fundi cherehani Jacob Davis wa Reno, Nevada, walipewa hataza ya kuimarisha pembe za mifuko kwa ribiti za shaba. Wateja wao walikuwa wachimba madini, wakata miti na wachunga ng'ombe, watu ambao mifuko yao ilichanika kila mara. Kitambaa kilichokusudiwa kumstahimili mchimba madini kinapokatwa vipande na kushonwa upya, bado kina miaka mingi ya kuishi.

Kijiji ndani ya kona ya mto

Gee's Bend imezungukwa na Mto Alabama pande tatu. Jina lake limetokana na Joseph Gee, tajiri wa ardhi aliyefika hapo mwaka 1816 kutoka North Carolina akiwa na watumwa 18, akaanzisha shamba la pamba. Mwaka 1845 shamba likapita kwa ndugu wa ukoo, Mark Pettway, katika kulipana deni. Pettway alipohamia, alikuja na watumwa wapatao 100, nao walitembea kwa miguu kutoka North Carolina hadi Alabama. Baada ya uhuru, wengi walibaki palepale wakalima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na wakaendelea kuitwa Pettway. Ndiyo sababu wanawake wengi wa habari hii wana jina hilo la ukoo bila kuwa ndugu wa karibu. Jina la bwana wa shamba limekuwa mashuhuri duniani kwa kazi ya mikono ya vitukuu vya aliowamiliki.

Umaskini wa huko haukuwa wa kawaida. Mwaka 1932 alifariki mfanyabiashara mmoja wa mji wa Camden, ng'ambo ya mto, aliyekuwa akiwakopesha wakulima. Mjane wake alidai madeni yote kwa mkupuo. Familia zipatazo 60 zilinyang'anywa ng'ombe, nyumbu, majembe, mikokoteni na hata chakula cha akiba, na wakaokolewa na msaada wa Msalaba Mwekundu. Mwaka 1937 mpigapicha wa serikali Arthur Rothstein alikwenda huko, na picha zake zinaonyesha nyumba za magogo zilizozibwa kwa udongo, ndani yake kuta zimebandikwa kurasa za magazeti kuzuia upepo.

Katika nyumba kama hizo, majira ya baridi ambapo maji huganda, mfarishi mmoja hautoshi. Kitanda kilihitaji kadhaa, juu na chini, na mingine ilitundikwa kuziba nyufa. Wanawake walishona kwa chochote kilichopatikana: magunia ya mbolea na ya unga kwa upande wa chini, nyuzi zilizofumuliwa kutoka kwenye magunia hayohayo, pamba chafu iliyookotwa kwenye sakafu ya kinu cha kuchambulia, ikapigwa kwa fimbo hadi ikachambuka. Kwa upande wa juu walitumia nguo za kazi zilizokuwa hazivaliki tena. Mara nyingi kila mwanamke alijipangia mwenyewe sehemu ya juu, kwa ubunifu wake. Ukifika wakati wa kuziunganisha tabaka, majirani walikusanyika kuzunguka fremu wakashona pamoja, huku wakiimba nyimbo za kanisani na kusali.

Miguu ya suruali yawa mistari

Yapata mwaka 1950, Lutisha Pettway alitengeneza mfarishi ambao kila mshonaji wa jinzi angefaa kuutazama kwa makini. Alichukua miguu ya suruali, akaipasua, akaipanga kwa wima iwe mistari mipana. Hakuikata iwe sawasawa. Mguu wa suruali ni mpana pajani na mwembamba chini, naye akauacha hivyo, akapachika mpana karibu na mwembamba hadi mistari ikawa inapinda na kuegemeana. Hakuna ua, hakuna rangi ya kupamba. Kuna bluu tu, ya vivuli vingi, na alama za mwili wa aliyezivaa.

Uamuzi huo wa kukifuata kitambaa jinsi kilivyo ni wa msanii. Mshonaji wa kawaida angekata miraba inayolingana, akatupa yaliyobaki. Lutisha aliona kwamba umbo la mguu tayari ni mchoro, na kwamba akilikata atapoteza kitambaa na uzuri pamoja. Mtu mwenye kidogo hujifunza kutazama kwa muda mrefu kabla ya kutia mkasi.

Loretta Pettway alipita njia hiyohiyo kwenye miaka ya 1960. Mfarishi wake wa mistari ya jinzi na pamba, wa yapata mwaka 1965, ni miongoni mwa kazi zinazosifiwa sana za kijiji hicho. Yeye mwenyewe alieleza kwamba hakupenda kushona. Alikuwa na kazi nyingi na watoto waliohitaji kufunikwa, basi akashona. Maneno yake yanafaa kukumbukwa kila tunapotaka kuyapamba maisha ya watu hawa. Uzuri ulitoka mikononi mwa mtu aliyechoka, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba ni msanii.

Kisha yuko Annie Mae Young. Mwaka 1976 alishona mfarishi ambao katikati yake ni mistari ya kodrai nyekundu, ya machungwa na ya njano inayowaka, na kando yake pande zote ni jinzi kuukuu iliyopauka. Ulipigwa picha ukiwa umetandazwa juu ya kuni, na picha hiyo ikatoka katika kitabu cha mpigapicha Roland Freeman. Mkusanyaji wa sanaa William Arnett, mkazi wa Atlanta, aliiona akaenda Alabama kumtafuta aliyeushona. Alipompata mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanamke huyo alikuwa amechoma mifarishi kadhaa siku chache zilizotangulia, kwa kuwa moshi wa pamba hufukuza mbu. Ule wa kwenye picha ulikuwa umesalimika.

Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney, New York. Wahakiki waliiweka katika safu moja na michoro ya wasanii wakubwa wa karne ya 20. Mwaka 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu kumi zenye picha za mifarishi hiyo. Kitu kilichokuwa kikifukizia mbu kikawa hazina ya taifa, na nyuzi zake hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni macho ya waliotazama.

Sindano, kura na malipo

Wanawake hawa hawakungoja makumbusho ndipo waanze kujitetea. Februari 1965 Martin Luther King alihubiri Gee's Bend, na wakazi wengi wakajiunga na harakati za kudai haki ya kupiga kura. Kabla ya hapo, mwaka 1962, kivuko cha kwenda Camden, makao makuu ya wilaya walikopaswa kujiandikisha, kilikuwa kimesitishwa. Safari ya kuvuka mto ikageuka mwendo wa barabara wa zaidi ya kilomita 60. Kivuko hakikurudi hadi mwaka 2006. Mwandishi J. R. Moehringer wa Los Angeles Times aliandika makala kuhusu kivuko hicho na mshonaji Mary Lee Bendolph, na makala hayo yakampatia tuzo ya Pulitzer mwaka 2000.

Mwaka 1966 padri wa Kianglikana Francis X. Walter na wanawake wa eneo hilo, Estelle Witherspoon akiwa miongoni mwa viongozi wao, walianzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee. Walipeleka mifarishi kuuzwa kwa mnada New York, wakapata oda za maduka makubwa. Baadhi ya familia zilikuwa zimefukuzwa kwenye ardhi kwa sababu ya kujiandikisha kupiga kura, na kwa fedha za ushirika watu walianza kushika mapato ambayo hakuna mwenye shamba aliyeyatolea ruhusa. Mwaka 1972 ilikuja kazi ya kushona foronya za mito ya kodrai kwa ajili ya maduka ya Sears. Foronya zote zilitakiwa zifanane, na wanawake walizishona hivyo kwa kuwa mshahara ulihitajika. Mabaki ya kodrai waliyapeleka nyumbani, na huko kila mmoja akashona alivyotaka yeye.

Umaarufu nao ulileta mgogoro. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi wakidai hawakupata sehemu yao ya haki katika mapato yaliyotokana na kazi zao, na mwaka 2008 kesi hizo zilimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Sitaingia katika nani alikosea. Ninachosema ni kwamba swali lenyewe lilikuwa halali. Sura ya mfarishi inapochapishwa kwenye kitabu, zulia au kikombe, nani analipwa? Tangu mwaka 2021 wanawake kadhaa wa kijiji hicho wamekuwa na maduka yao wenyewe kwenye mtandao wa Etsy, wakiuza kwa majina yao na kupanga bei wenyewe. Hayo ndiyo maendeleo ninayoyaona makubwa kuliko yote katika historia hii, makubwa hata kuliko kuta za makumbusho.

Kutoka merikani hadi mitumba

Msomaji wa Tanga au Mombasa anaweza kuuliza: Alabama ni mbali, inatuhusu nini? Inatuhusu kwa njia ya pamba. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar shehena za kitambaa cheupe kisichopaushwa, merikani, wakanunua pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Sultani Sayyid Said wa Oman na Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Merikani ilisafiri na misafara hadi Unyamwezi na Ujiji, ikawa nguo na ikawa fedha. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba ya majimbo ya kusini, Alabama ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa, na pamba hiyo ilichumwa na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza huko mwaka 1861, merikani iliadimika katika pwani yetu.

Leo kitambaa cha Marekani kinatufikia kikiwa kimekwisha kuvaliwa. Katika Gikomba jijini Nairobi, Kongowea huko Mombasa, Karume na Manzese jijini Dar es Salaam, jinzi ni miongoni mwa nguo zinazotafutwa sana ndani ya robota. Nyingine zilishonwa hukuhuku. Viwanda vya eneo la Athi River nchini Kenya hushona jinzi za kuuzwa Marekani, kwa hiyo suruali inaweza kutoka mikononi mwa fundi wa Kenya, ikavaliwa ng'ambo, ikarudi bandarini Mombasa kama mtumba.

Serikali zetu zimehangaika na biashara hii. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru na kuushikilia, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuingiza nguo bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Mjadala huo una hoja nzito pande zote, kwani kuna viwanda vilivyokufa na kuna mamilioni wanaokula kwa mitumba. Lakini wakati wakubwa wakijadiliana, rundo la chini kabisa, lile ambalo wauzaji wa Nairobi huliita fagia, linaendelea kukua. Ndani yake mna jinzi zilizochanika kiunoni lakini zenye miguu mizima, au zilizotoboka magoti lakini zenye mapaja imara. Hizo haziuziki kama suruali. Kama malighafi ya mfarishi, ni bora kabisa.

Namna ya kuushona

Kwa anayetaka kuanza, mfarishi wa mita 1.4 kwa mita 2, wa kitanda cha mtu mmoja au wawili wasio na makuu, huhitaji suruali 8 hadi 10 za watu wazima. Chagua zenye pamba tupu au karibu na hapo. Jinzi zinazovutika kama mpira huleta matatizo, kwani zikishonwa pamoja na zisizovutika, mfarishi hujikunja. Zifue zote kabla ya kukata, na zile mpya zenye bluu nzito zifue peke yake mara kadhaa ili zisizichafue nyingine.

Kata mguu kwa kufuata mshono wa ndani, uutandaze, uupige pasi. Mshono mnene wa kulazwa, ule wenye mistari miwili ya uzi wa dhahabu, ukate uuweke kando, kwa kuwa ikikutana miwili sehemu moja itavunja sindano. Usishone kamwe juu ya ribiti. Cherehani ya chuma ya kukanyaga inaiweza kazi hii vizuri. Tumia sindano namba 16 au 18, uzi imara wa polista, na hatua ndefu kidogo ya milimita 3 hadi 3.5. Acha sentimita 1.5 za nafasi ya mshono, na kila mshono ukishamaliza uufungue kwa pasi ya moto ulale pande mbili. Usipoufungua, pembe zitarundikana na mfarishi hautalala sawa.

Kuhusu mpangilio, anayeanza atapata nafuu kwa mistari mirefu kuliko miraba. Ina mishono michache ya kukutanisha, na inaacha urefu wa mguu uonekane. Tandaza vipande vyote sakafuni kabla ya kushona hata kimoja, uvitazame asubuhi na uvitazame tena jioni. Weka bluu nzito karibu na iliyopauka. Kiraka cha goti usikifiche, na mfuko wenye umbo zuri uuache palepale ulipo, kwani watoto watapata pa kutia mikono. Kama una kipande kimoja chenye rangi kali, kitenge au kodrai, kiweke mahali pamoja na ukiache kiseme peke yake, kama alivyofanya Annie Mae Young.

Katika hali ya hewa ya kwetu, tabaka la pamba katikati si lazima isipokuwa kwa wakazi wa Njombe, Limuru, Lushoto na nyanda nyingine za baridi. Jinzi pekee ni nzito ya kutosha. Kwa upande wa chini, doti moja ya kanga inafaa mno: kanga moja ina takriban mita 1.5 kwa 1.1, basi mbili zikiunganishwa kwa upande mrefu zinafunika mfarishi wote na kubaki kidogo cha kukunja pindo. Kanga iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ni laini mwilini na haitanywea tena.

Kushona tabaka zote kwa mkono kupita jinzi ni kuumiza vidole, hata mwenye subana atalalamika. Njia iliyo rahisi ni kufunga mafundo. Pitisha uzi mzito wa pamba kutoka juu hadi chini na kurudi, funga fundo mara mbili, kata, kisha fanya hivyo kila baada ya shubiri moja. Mafundo yakiwa karibukaribu, tabaka hazitahama hata mfarishi ukifuliwa kwa nguvu. Maliza kwa kukunja kanga juu ya kingo za jinzi na kuipiga mshono kuzunguka. Ukimaliza utakuwa na tandiko la kilo mbili na zaidi, la kulalia, kujifunika, kuketia shambani au kutandikia gari la abiria wa safari ndefu, nalo litadumu miaka mingi.

Tia jina

Mifarishi mingi ya zamani ya Marekani haina jina la aliyeishona. Imo majumbani na kwenye makusanyo, inasifiwa, na hakuna ajuaye mikono iliyoitengeneza. Gee's Bend ilinusurika hatari hiyo kwa sababu watoto na wajukuu walikuwa hai na walikumbuka kila mfarishi ni wa nani. Mary Lee Bendolph amesema kwamba nguo za zamani zina roho na mapenzi ndani yake, na ndiyo maana alipenda kuzitumia. Anayekubaliana naye hana budi kuuliza roho hiyo ni ya nani na kuiandika.

Kwa hiyo kabla ya kuukabidhi mfarishi wako, kata kipande cha kitambaa cheupe, andika juu yake kwa uzi, ukishone kwenye pembe ya upande wa chini. Weka jina la aliyevaa suruali, kama unamjua, na kazi aliyokuwa akifanya: baba, fundi umeme wa Tanesco, kaka, utingo wa lori, shangazi, mkulima wa viazi. Suruali zikiwa zimetoka kwenye robota na aliyezivaa humjui, andika soko ulikozinunua. Kisha jina lako, mahali na mwaka. Ni kazi ya robo saa.

Vikundi vya akina mama vinavyotaka kuifanya hii kuwa biashara vina sababu ya ziada. Mfarishi usio na jina huuzwa kwa bei ya nguo kuukuu, maana mnunuzi huhesabu suruali. Ulio na jina huuzwa kwa bei ya kazi, kwa kuwa mnunuzi anajua kuna mtu aliyepanga, akakata na kushona, na mtu huyo anaweza kutafutwa tena. Ikitokea mtu akachukua mchoro wenu akauchapisha pengine, jina na mwaka vilivyoshonwa pembeni ni ushahidi wa kwanza mtakaouonyesha. Fundi anayeona haya kutia jina lake kwenye kazi yake aiache haya hiyo leo. Wanawake wa Alabama walichukua miaka mingi na kesi mahakamani ili kazi yao itambuliwe kuwa ni yao. Sisi tunaanza tukiwa tunalijua hilo, basi tusianze bila majina.